Mama Uchungu

Ukitaka ukweli, ile picha ilikuwa ya kichwa na shingo tu. Mwanamke amefumba macho nusu, machozi yanamteremka, mdomo umefanya duara, na ncha ya kitambaa chake cha kichwani imeinuka juu. Nyuma yake ukuta, na ukutani kibao chenye mshale: NYUMBA YA MAITI. Basi, hakuna la zaidi. Lakini watu wakikosa kazi ya kufanya, loo! Waliitazama wakalia. Wakaipa tuzo. Wakaichapa kwenye kalenda, kwenye kadi za rambirambi, kwenye ubao wa muuza majeneza, na mwaka mmoja, bila haya hata chembe, kwenye paketi ya vidonge vya kichwa. Chini yake neno moja tu: UCHUNGU.

Wasomi nao wakatia chumvi yao. Mmoja aliandika kwamba mdomo ule unaita jina la marehemu. Mwingine akasema ncha ya kitambaa ni roho inayopaa. Roho inayopaa! Mtu mzima, ana meza, ana mshahara, mkewe anadhani yuko kazini, kumbe kaketi anaandika hayo.

Mwenye sura yake alikuwa hai, mzima wa afya, anaishi chumba na sebule nyuma ya duka la dobi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Mjini walimwita Mama Uchungu. Wanawake asiowajua walimshika bega sokoni wakimwambia, "Pole, mama yangu, pole sana." Naye anawatazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Pole ya nini? Umenikanyaga?"

Dobi alikuwa binti yake. Tangu utotoni walimwita Upepo, kwa sababu siku aliyozaliwa upepo uling'oa paa la soko ukalitupa kwenye kiwanja cha mpira, na mji mzima ulikwenda kulishangaa paa badala ya kumshangaa mtoto. Upepo alikuwa mtoto wa pekee, ingawa mwenyewe alijihesabu wa pili. Hapo ndipo penye kisa.

Alipokuwa mdogo, ndiyo kwanza meno ya mbele yameng'oka, alisimama mlangoni akamtazama mama yake akishona vifungo vya shati la watu, akauliza, "Mama, pale kwenye picha ulikuwa unamlilia nani?"

"Mtoto," mama akajibu, bila kuinua kichwa.

"Mtoto gani?"

"Mtoto ni mtoto. Vyombo vinakungoja."

Upepo akaenda kuosha vyombo, na kabla hajamaliza sufuria ya mwisho alikuwa ameshapata kaka. Alikuwepo mtoto kabla yake, wa kiume bila shaka, akafa, na mama alimlilia mpaka dunia nzima ikapigwa na butwaa. Akampa jina la Kaka Mkubwa. Akampa urefu, mwandiko mzuri, na adabu. Kila alipochapwa aliwaza kwamba Kaka Mkubwa asingechapwa. Alisimama mbele ya kioo akafanya mdomo duara kama wa mama, akijaribu jina moja baada ya jingine, aone lipi linafanya duara lile.

Ungesema ni utoto, utamtoka. Haukumtoka. Mama yake alikuwa na macho makavu, na hilo halikumsaidia. Baba alipofariki, kavu. Upepo alipovunjika mkono mfupa ukachungulia, kavu. Mume wa Upepo alipofungasha virago akaenda kuishi na muuza viatu, mama alikuja dukani, akaangaza huku na huku, akauliza, "Pasi kaiacha?" Akaambiwa ameiacha. "Basi hujaachwa," akasema, akarudi ndani.

Sasa wewe jiweke hapo. Unajua mama yako anaweza kulia, ushahidi upo kwenye kila kalenda, lakini machozi yote alikwishayamaliza kwa mwingine, na wewe umekuta chombo kitupu. Upepo alimwonea wivu maiti. Alimwonea wivu akiwa msichana, na alimwonea wivu akiwa mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu. Alitaka kitu kimoja tu duniani: aambiwe huyo kaka alikuwa nani na amezikwa wapi, ili akasimame hapo amwambie, ulinichukulia mama yangu. Kumuuliza mama tena hakuthubutu. Angeambiwa nini zaidi ya vyombo?

Siku moja akaingia Mpiga Picha mwenyewe, na suti nyeupe begani. Upepo alimtambua mara moja, kwa sababu sura yake ilikuwa magazetini kila mara ile picha inapotajwa. Nywele amezipaka rangi nyeusi, rangi imeshuka mpaka kwenye masikio. Kidoleni pete. Hakusalimia.

"Ipigwe pasi vizuri, binti. Nina shughuli kubwa."

"Harusi?"

Akacheka, kicheko cha mtu anayengoja uulize tena. "Maonyesho. Wananienzi kwa ile picha yangu. Usiniambie huijui. *Uchungu*."

"Aaa. Ile ya vidonge?"

Meno yakarudi ndani. "Vidonge ilikuwa biashara ya watu wengine," akasema. "Ile ni sanaa. Watu wazima hulia mbele yake. Waziri mmoja alilia."

Upepo aliikunjua suti juu ya meza. Kola ilikuwa na doa la ile rangi ya nywele. Akalitazama doa, akamtazama yeye, akajizuia. "Kwani yule mama alikuwa analia nini?"

"Msiba."

"Wa nani?"

"Binti, msanii haulizi. Msanii anatazama."

"Hata jina lake hukumuuliza?"

"Jina lingeharibu picha," akasema Mpiga Picha, na alilisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kulisema mahali pengi na kupigiwa makofi. Kisha akaaga kwa kunyoosha kidole: "Mikunjo ya suruali iwe wima."

Alipoondoka Upepo alisimama na pasi mkononi mpaka ikaanza kutoa moshi. Jina lingeharibu picha! Mtu anakaa mbele ya msiba wa mwenzake, anachukua anachotaka, anaondoka zake, na miaka yote hiyo hata hajajiuliza aliyekufa ni nani. Alitamani kuichoma ile suti tundu la ukubwa wa sahani. Lakini kazi ni kazi. Aliipiga pasi vizuri, ila mikunjo ya suruali akaipeleka pembeni kidogo, ili mwenye nayo akitembea aonekane anakwenda upande.

Kumbe mwaliko ulikuwa umeshafika nyumbani. Mratibu wa maonyesho, mwanamke wa miwani mikubwa na sauti ya kubembeleza wagonjwa, alikuwa ameketi sebuleni ukingoni mwa kiti, akimwambia mama yake kwamba wangependa, endapo hatajali, endapo moyo utamruhusu, aje aketi chini ya picha. Watamwekea kiti. Hatalazimika kusema neno.

"Nitakuja," akasema Mama Uchungu.

Upepo nusura aangushe chai. "Mama! Wewe hujawahi hata kuitundika ukutani."

"Nitakwenda. Nataka nikaone amezeekaje."

Usiku huo, kabla ya kulala, Upepo aliamua. Atamuuliza yule mwanamume mbele ya watu wote: makaburi gani? Ulimwona nani ndani ya jeneza? Alikuwepo, lazima aliona kitu, hata awe mpumbavu kiasi gani. Mama akichukia, achukie.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine na watu waliovaa ili waonekane. Picha ilitundikwa ukutani peke yake, kubwa kuliko mlango, na chini yake kiti kimoja, na juu ya kiti Mama Uchungu, mkoba mapajani. Watu walipita mbele yake kana kwamba wanamuaga marehemu. Walimtazama yeye, wakaitazama picha, wakamtazama tena, na usoni unaona kabisa kwamba wameipenda picha zaidi. Mwanamke mmoja alipiga magoti akamshika mkono akalia kwikwi.

"Una nini, mwanangu?" mama akamuuliza. "Umefiwa?"

"Hapana, mama. Nalia kwa ajili yako."

"Basi nyamaza, kamasi zinatoka."

Mratibu akazungumza. Alisema sana kuhusu ule mdomo. Alisema kila mmoja wetu analo jina ambalo mdomo ule unaliita. Watu wakatikisa vichwa. Kisha akakaribishwa Mpiga Picha, akaja mbele na suti yake nyeupe, akienda upande.

Alianza kama alivyozoea, siku moja ya majonzi, mwanga, ukimya, moyo wa msanii. Kila mtu alikuwa amekwisha kuyasoma hayo. Lakini Mratibu, kwa kutaka shughuli yake ivume, akamwomba awape jambo ambalo hajawahi kulisimulia. Mzee akavimba. Mtu akivimba huwa haangalii mdomo wake unakwenda wapi.

"Basi nitawaambia," akasema. "Siku ile sikuwa nimetumwa kwake. Nilikuwa nakimbilia sokoni. Mhariri alitaka picha ya paa, lile paa la soko lililong'olewa na upepo. Nikapita geti la hospitali, nikamwona mwanamke huyu. Nikasema moyoni, paa lingoje!"

Makofi. Watu walipiga makofi kwa kuachwa kwa paa. Upepo peke yake hakupiga. Alikuwa amesimama nyuma, amejiandaa na swali lake la makaburi. Akaitazama ile ncha ya kitambaa iliyoinuka. Roho inayopaa. Upepo, jamani! Ulikuwa upepo tu.

"Samahani," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Siku ya paa la soko?"

Mpiga Picha alimtazama akijaribu kukumbuka amemwona wapi. "Wewe si dobi?"

"Ni dobi, na ni binti ya huyo aliyeketi hapo. Nakuuliza, una hakika ilikuwa siku hiyohiyo?"

"Binti, siku kubwa ya maisha yangu nitaisahau?"

"Mimi nilizaliwa siku hiyo."

Mpiga Picha akatabasamu kwa huruma, akidhani anaongezewa jambo zuri. "Unaona! Kifo na uhai, siku moja!"

"Kifo cha nani?" Upepo akauliza. "Nani alikwambia kuna kifo?"

"Alikuwa ameshikwa mkono na mama mmoja mrefu, mwenye mwanya. Nikamuuliza, huyu mwenzako ana nini? Akanijibu mwenyewe, kwa mdomo wake: ana uchungu." Akanyoosha mkono kulionyesha neno chini ya picha. "Ndipo nikapata jina."

Yule mrefu mwenye mwanya alikuwa shangazi yake Upepo, marehemu sasa, mtu wa maneno machache. Ana uchungu. Na angesema nini kingine?

Aliyeanza kucheka alikuwa mwanamke mmoja mzito, karibu na vinywaji. Alitoa sauti puani, akajiziba kwa kiganja. Kisha jirani yake. Kisha kicheko kikapita kwa wanawake wote waliokuwamo, waliozaa na wasiozaa, mpaka yule aliyelia kwikwi akashikilia ukuta. Wanaume waliendelea kutazamana. Iliwachukua muda, maskini, unawaona kabisa wanalitafuna lile neno wakitafuta maana imefichwa wapi. Mwandishi wa roho inayopaa, naye alikuwepo, alivua miwani akaifuta.

"Uchungu wa kuzaa!" mtu akaropoka. "Alikuwa anakwenda kujifungua!"

"Haiwezekani," akasema Mpiga Picha. "Kibao kinasema nyumba ya maiti."

Hapo Mama Uchungu akainuka. Alichukua muda kuinuka, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Lile geti lilikuwa na vibao viwili, baba," akasema. "Mkono huu maiti, mkono huu wodi ya wazazi. Wewe ukakikata kimoja. Na tumbo langu lilikuwa mbele yangu kama gunia la mkaa, nalo ukalikata."

"Mimi... mimi hupiga sura. Sikutazama chini."

"Hukutazama chini." Alimwangalia kama mtu anayeangalia kitu alichokikanyaga. "Na huu mdomo wangu mnaosema unaita marehemu. Unakumbuka nilikwambia nini?"

"Hukusema neno, mama. Ulikuwa kimya. Ukimya mkubwa..."

"Kimya! Nimebanwa, njia nyembamba, wewe umejipanga katikati na lidude lako. Nilikwambia *toka!* Nikakwambia tena, toka, mpumbavu wewe, napita! Hiyo ndiyo sanaa yako. Unatukanwa na wewe unabofya."

Ungedhani mtu mwenye damu usoni angetafuta mlango. Yeye alikuna kichwa, akatazama huku na huku, akaona simu zimeinuliwa zinamrekodi, akapata uhai upya. "Ndugu zangu!" akapaza sauti. "Mnaona? Nilihisi! Picha hii sasa ni kubwa zaidi! Uchungu ni uchungu!" Na usiniulize kwa nini, lakini walimpigia makofi. Wakamzunguka, wakimuuliza ilikuwaje akahisi. Mratibu alikuwa ameshaanza kuandaa maneno mapya.

Mama alirudi kitini akaufungua mkoba, akautafuta mtandio, akaufunga mkoba. Upepo akaja akachuchumaa mbele yake.

"Mama, ulikubalije waseme ni msiba miaka yote hii?"

"Ulitaka niseme nini? Baba mkwe wangu ananunua gazeti kila asubuhi. Nimwambie huyo unayemwona ni mkweo anazaa? Wanaume wa mji mzima wamenitazama nikiwa katika hali ile, wamenitundika mpaka kwa vinyozi. Nikaona heri wadhani nimefiwa. Nikamwapisha na shangazi yako. Sasa nimezeeka, nani atanitazama."

"Sisemi hao. Nasema mimi. Mimi kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Ulikuwa kibogoyo mbele. Ulisimama mlangoni ukaniuliza namlilia nani. Nikakwambia, mtoto."

Upepo alifungua mdomo. Maneno yakatoka yote pamoja, bila mpango. "Mimi nilidhani ni mwingine. Nilidhani nina kaka, amekufa. Nilidhani ndiye uliyempenda. Nimemwonea wivu, mama, nimemchukia, mpaka leo nimekuja hapa niulize kaburi lake."

Mama yake alimtazama kwa jicho lilelile alilomtazamia Mpiga Picha.

"Mwingine atoke wapi?" akasema. "Kwani mimi nimezaa watoto wangapi?"

Ndipo Upepo akalia. Hakulia vizuri. Alilia mdomo wazi, kamasi na yote, kichwa chake mapajani mwa mama juu ya ule mkoba, mwanamke mzima, dobi anayeogopwa na wateja. Kaka Mkubwa mwenye mwandiko mzuri alikuwa hayupo na hakuwahi kuwapo. Machozi yale ya kwenye kalenda yalikuwa yake, yote, tangu kabla hajavuta pumzi, na alikuwa ameyaonea wivu kama punguani.

Kijana mmoja wa gazeti aliwaona. Mama na binti, chini ya picha, binti analia. Macho yakamng'aa. Alijipenyeza, akapiga goti, akainua kamera kuelekea uso wa Upepo.

Mama Uchungu aliisukuma kamera kwa mkoba. Akasimama mbele ya binti yake, macho ameyafumba nusu, na mdomo wake ukafanya duara.

"Toka!"

Upepo aliinua kichwa akauona ule uso kutoka chini, karibu kabisa, ukiwa mzee sasa, na hasira ikiwa ileile. Kijana alirudi kinyumenyume mpaka akagonga meza ya vinywaji. Mama akajifunga mtandio, akamshika bintiye mkono, akampitisha katikati ya watu, na watu wakapisha.

"Twende nyumbani," akasema walipofika mlangoni. "Na suti ya yule mpumbavu usiipokee tena."